Kisa cha mzani wa alizeti: programu ya Windows XP ndani ya Ubuntu, na Sabasaba iliyotudanganya

Kazi hii niliifanya mwenyewe hapa Dodoma msimu wa alizeti wa 2025. Jina la mteja, mtaa na chochote kinachoweza kumtambulisha nimetoa, mwenyewe kakubali niandike ila akasema "usiniweke jina fundi, mji huu tunajuana wote". Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu na yeyote ambaye kaachiwa programu ya zamani ya Windows na kompyuta isiyo na Windows. Makosa makubwa humu ni ya kwangu, msitafute mchawi.

Usuli

Mteja ni mama mwenye ghala na mashine ya kukamua alizeti upande wa viwandani. Kuanzia mwezi wa tano pale getini hakukaliki, magunia yanaingia kwa guta, kwa bodaboda, kwa Canter, kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa na wengine mpaka upande wa Singida. Kila mzigo unapanda kwenye mzani wa jukwaa, kile kichwa cha mzani chenye namba nyekundu kinatuma kilo kwenye kompyuta kupitia waya, programu inazipokea na printa inatoa tiketi ya karatasi za kaboni nakala tatu. Moja ya mkulima, moja ya mlipaji, moja inabaki kwenye faili.

Sasa mtu atauliza kwa nini wasiandike tu kwenye daftari au Excel. Nilimuuliza karani swali hilohilo akacheka. Mkulima akiona kilo zimeandikwa kwa peni anaanza ubishi, na kwa historia ya lumbesa na mizani ya kuchezea hapa kati huwezi kumlaumu. Tiketi iliyotoka kwenye mashine, namba ileile aliyoiona kwenye kichwa cha mzani, hiyo anaikubali, anaikunja na kuiweka mfukoni. Kwa hiyo ile programu ndo inayofanya watu wakubali kilo zao pale getini, bila hiyo kila gunia ni mjadala.

Programu yenyewe iliandikwa zamani na kijana mmoja kwa Visual Basic 6 (VB6), lugha ya zamani ya kuandikia programu za Windows, data zinakaa kwenye faili la Access, programu ya Microsoft ya kutunza data, lile la .mdb. CD ya kuinstoli haipo, msimbo wake haupo, kijana alihama mkoa na namba yake haipatikani. Ilikuwa inakaa kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows XP, na mwishoni mwa Juni umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, pawa saplai na mazabodi vikaenda pamoja. Diski ikapona, tushukuru.

Mtoto wa mama anasoma chuo, akanunua laptopu used, Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 4, akaweka Ubuntu 22.04, mfumo wa bure wa familia ya Linux unaokaa badala ya Windows. Sababu zake zilikuwa na akili. Ile ya zamani ilikuwa imejaa virusi vya shortcut vya kwenye flashi, Windows 11 inakataa prosesa za umri ule, na Windows 10 ilikuwa inaishiwa sapoti tarehe 14 Oktoba mwaka uleule. Ila kijana hakuwaza kitu kimoja, kwamba programu ya mzani ni .exe, yaani faili la programu ya Windows, na Ubuntu haijui .exe ni mnyama gani.

Machaguo tuliyokuwa nayo

Nilipigiwa simu Jumatano tarehe 2 Julai. Nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na hapohapo swali: "Lini?" Wakulima wapo nje, mzani unasoma lakini hakuna tiketi.

Wazo la kwanza la kila mtu pale lilikuwa tuweke Windows 7 ya kuchakachua kwenye laptopu. Nilikataa. Windows 7 ilikatiwa sapoti tangu 14 Januari 2020, na laptopu hiyohiyo mama anaitumia kwa mambo ya benki kwenye intaneti, halafu hizi za kuchakachua hujui aliyezichakachua kaacha nini ndani.

La pili, VirtualBox: unaweka XP nzima ndani ya Ubuntu kama kompyuta ndani ya kompyuta. Hii inafanya kazi vizuri na ukweli ni kwamba uelewano wake na programu za zamani ni mkubwa kuliko njia nyingine yoyote, maana humo ndani ni Windows yenyewe. Lakini RAM GB 4 unaigawa mara mbili, leseni ya XP ya mashine iliyokufa ni mjadala mwingine, na karani ambaye kompyuta kwake ni kitufe kimoja tu atakuwa na mifumo miwili ya kuwasha na kuzima kila umeme ukicheza. Nikaiweka pembeni kama plan B.

La tatu, kuandikisha programu mpya. Sawa, lakini siyo Julai.

La nne Wine, ndo niliyoichagua. Kwa asiyeijua: Wine siyo Windows na haina kipande cha Windows ndani yake. Programu ya Windows ikiomba kitu, mfano "nifungulie faili hili" au "nichoree dirisha hapa", Wine inalipokea ombi na kulitafsiri kuwa ombi la Linux. Prosesa haiigizwi, maagizo ya programu yanaenda moja kwa moja, ndo maana haichoshi mashine. Mradi ulianza 1993 na toleo la 1.0 lilitoka 2008, yaani walikaa miaka 15 kabla ya kuthubutu kuiita moja, na vijana wa magemu wanaitumia kila siku kupitia Proton, ile ya Valve ya kuchezea magemu ya Windows kwenye Linux, bila hata kujua. Programu za miaka ya XP ndo chakula chake hasa. Na ni bure, mama alipenda hiyo sehemu.

Kitu ambacho Wine haiwezi ni draiva za Windows zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Nilishawahi kukwama kwenye duka moja la dawa, programu yao ilikuwa inafunguliwa na ule ufunguo wa USB wa leseni, draiva yake haikukubali ndani ya Wine na nikarudisha hela ya watu. Kwa hiyo hapa nilianza kwa kuuliza: kuna kidude chochote kilichochomekwa ili programu ifunguke? Hakuna. Nikapumua.

Kilichotokea

Siku ya kwanza nilitoa diski kwenye mashine iliyokufa, nikaichomeka kwa kebo ya USB, nikanakili folda nzima ya programu na faili la data kwenye sehemu mbili kabla ya kugusa chochote. Halafu nikainstoli Wine kutoka kwenye hazina ya Ubuntu yenyewe. Kuiwasha tu ikalalamika wine32 haipo. Hii inawapata wengi: programu ya VB6 ni ya biti 32, Ubuntu ni ya biti 64, lazima umwambie Ubuntu akubali vifurushi vya i386 kwanza (`sudo dpkg --add-architecture i386`, halafu update, halafu `wine32`). Nikatengeneza folda ya Wine ya peke yake kwa ajili ya mzani tu, ya biti 32, kwa WINEARCH=win32 na WINEPREFIX yake, ili hata ikiharibika naifuta na kuanza upya bila kugusa kitu kingine. Kwa winetricks, kifaa cha kuongezea Wine vipande vya Windows vinavyohitajika na programu, nikaweka vb6run, mdac28 na jet40, hizo mbili za mwisho ndo zinazoiwezesha kusoma lile faili la Access. MB zangu zilikwenda hapo.

Programu ikagoma tena, MSCOMM32.OCX haijasajiliwa. Hicho ndo kipande kinachoongea na mzani. Kilikuwepo kwenye diski ya zamani ndani ya system32, nikakinakili kwenye system32 ya folda ya Wine, nikasajili kwa `wine regsvr32 mscomm32.ocx`, na jioni ile dirisha la kijani la programu likafunguka na orodha ya tiketi za miaka yote ikawa pale. Mama alipiga makofi. Mimi pia nilifurahi, na hilo lilikuwa kosa, nitarudi hapo.

Siku ya pili na ya tatu zote ziliishia kwenye waya. Laptopu haina ile poti ya pini tisa, tukanunua kebo ya USB ya kubadilisha, za bei rahisi zenye chipu ya CH340. Nachomeka, sioni /dev/ttyUSB0, jina ambalo Linux inaipa kebo ya aina hiyo. Inatokea nusu sekunde inapotea. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha tundu, nikalaumu dukani. Baadaye ndo nikasoma `dmesg`, kumbukumbu ya matukio ya mfumo, kwa utulivu nikaona jina brltty. Hiyo ni programu ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, kwenye Ubuntu 22.04 inakuja tayari, na ikiona chipu ile inadhani ni kifaa chake inakikamata. Pale hakuna anayeitumia, nikaiondoa, ttyUSB0 ikatulia. Nusu siku imekwenda kwa kitu cha dakika moja.

Nikamwingiza mtumiaji kwenye kundi la dialout, bila hivyo hana ruhusa ya kugusa poti, na ukishamwingiza lazima atoke na kuingia upya. Nikafungua programu, nikabonyeza SOMA MZANI. Poti haipo. Kumbe Wine inazipanga poti yenyewe kwa majina ya Windows, COM1, COM2 na kuendelea, inaanza na ttyS zote, zile poti za pini tisa za Linux, hata kama ni za hewani, laptopu inazo 32 kwenye makaratasi, kwa hiyo kebo yangu ilikuwa imepewa COM33. Na kile kipande cha MSCOMM hakijui namba zaidi ya 16! Nilijaribu kubadilisha kiungo ndani ya folda ya dosdevices, ambamo Wine inaweka majina ya poti na diski, Wine ikakirudisha ilivyotaka. Njia sahihi ni kufungua regedit ya Wine, kihariri cha mipangilio yake ya ndani, kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports unaandika COM1 sawa na /dev/ttyUSB0, unaua wineserver (sehemu ya Wine inayokaa nyuma ya pazia), unawasha upya. Printa ikafuata njia hiyohiyo, LPT1, jina la Windows la poti ya printa, ikaelekezwa /dev/usb/lp0 na mtumiaji kwenye kundi la lp, hiyo haikunisumbua.

Jumatatu tarehe 7 ilikuwa Sabasaba, ghala limefungwa. Nikasema hii ndo siku nzuri ya kujaribu, hakuna foleni. Karani akaja, tukapandisha gunia la mashudu kwenye mzani, kichwa kikasoma, kioo kikasoma kilo zilezile, tiketi ikatoka nakala tatu, tarehe 7/7/2025. Tukarudia mara kumi, na karani mwenyewe, na mlinzi akasimama kwenye mzani tukamtolea tiketi. Ripoti ya siku ikatoka vizuri, kila kitu kiko sawa. Nikachukua changu nikaondoka.

Jumanne wakafungua, kazi ikaendelea. Jumamosi jioni karani akatoa ripoti ya wiki, kuanzia 7/7 hadi 12/7, ikatoka na tiketi za majaribio tu, mlinzi akiwemo na kilo zake. Za wakulima hakuna hata moja. Akadhani kakosea kuandika, akajumlisha kwa kikokotoo kutoka kwenye nakala za kaboni, akanyamaza. Jumatatu asubuhi akanipigia: "Kaka, hii mashine imeshafika mwaka kesho." Tiketi ya kwanza ya siku ile ilikuwa imeandikwa 2/7/2026.

Nini kilikuwa kinaendelea

Hapa ndo penye somo la kisa chote kwa hiyo nivumilieni.

XP ya zamani ilikuwa na mpangilio wa Uingereza, siku kwanza, mwezi baadaye. Laptopu iliwekwa Ubuntu ya Kiingereza cha Marekani kama wengi wetu tunavyobonyeza next next, na Wine inachukua mpangilio wa tarehe kutoka kwa Linux, kwa hiyo ikawa mwezi kwanza. Programu, kwa nilivyoipima, inaiomba kompyuta tarehe kama maandishi, inakata kwenye mkwaju, ya kwanza inaiita siku, ya pili inaiita mwezi. Tarehe 8 Julai kompyuta inasema 7/8, programu inaelewa siku ya 7 mwezi wa 8, inaihifadhi kama 7 Agosti. Halafu inapoichapa, inaichapa kwa mpangilio uleule wa Marekani, 7 Agosti inakuwa 8/7/2025, na karani anaisoma kama tarehe 8 mwezi wa 7. Sahihi kabisa machoni! Kosa limegeuzwa mara mbili likarudi na sura ya ukweli, tiketi iko sawa, ndani ya data imeandikwa Agosti, ndo maana ripoti ya Julai haiioni.

Ilikwenda hivyo mpaka tarehe 12, ambayo iliingia kama 7 Desemba. Jumapili ghala lilifungwa. Ikaja tarehe 14, na mwezi wa 14 haupo, lakini VB haikatai, inahesabu tu mbele, mwezi wa 14 wa 2025 ni Februari 2026. Hapo ndo uongo ulipofichuka.

Na Sabasaba? Saba ya saba, hata ukiigeuza ni ileile. Kati ya siku zote za mwezi ule nilichagua kujaribu siku pekee ambayo kosa lile haliwezi kuonekana. Sijui nicheke au nilie.

Marekebisho

Nilisimamisha programu, nikachukua nakala ya .mdb nikaenda nayo kwa jamaa mwenye Access. Bahati tiketi zina namba za mfululizo, na zote zilizoharibika ni za Julai, kwa hiyo namba ya mwezi iliyohifadhiwa ndo siku halisi, Agosti ni tarehe 8, Desemba ni 12, Februari 2026 ni 2 kujumlisha 12. Amri moja ya kurekebisha, tiketi 163. Halafu tukalinganisha moja moja na karatasi za kaboni, mimi nasoma, karani anaweka tiki. Ilituchukua mchana mzima na soda tatu, na mama kalipa soda tu.

Kwenye laptopu nikahakikisha en_GB, mpangilio wa Uingereza, ipo (`sudo locale-gen en_GB.UTF-8`), na kitufe cha kwenye desktopu sasa kinaiwasha programu na LC_ALL=en_GB.UTF-8 mbele yake, Ubuntu iliyobaki inaendelea na lugha yake. Nikaingia regedit kuangalia sShortDate, mpangilio wa tarehe fupi, ikasoma dd/MM/yyyy. Safari hii nikasogeza saa ya kompyuta kwenye tarehe tofauti juu ya nakala ya data, tarehe 3, tarehe 12, tarehe 13, tarehe 31, mwisho wa mwaka, na kila moja nikatoa tiketi na ripoti yake.

Matokeo

Msimu uliisha mzani ukiwa kwenye Wine. Programu inafunguka haraka kuliko kwenye XP, na umeme ukikatika betri ya laptopu inatosha kumalizia foleni iliyopo, ingawa printa inabaki inasubiri. Wakulima hawakujua kama kuna kitu kimebadilika. Hela hazikupotea maana mlipaji alikuwa analipa kwa karatasi, na hilo siyo sifa yangu.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kuchagua Wine naona bado ulikuwa uamuzi sahihi kwa mashine ile na karani yule. Folda ya peke yake ilinisaidia sana, nzima nimeifunga kwa tar kuwa faili moja, ipo kwenye flashi na kwenye kompyuta ya kijana wa mama, laptopu ikifa kesho nahamishia nyingine. Na kule kunakili data kabla ya kugusa ndo kulinipa ujasiri wa kucheza na saa baadaye.

Nilichokosea ni pale niliposhangilia dirisha kufunguka. Programu ya namna hii haikai peke yake, inaongea na mzani, printa, faili la data, saa na mpangilio wa nchi. Nilipaswa siku ya kwanza nikae na karani nichore vyote inavyovigusa, kabla hata ya kuinstoli Wine. Mzani na printa nilivifikiria kwa sababu vinaonekana kwa macho, vina waya. Mpangilio wa tarehe hauna waya. Halafu nilijaribu kuingiza na kutoa tu, sikujaribu kile anachokitoa karani kila Jumamosi, ripoti ya wiki. Ningemuuliza tu "mama, hii programu mnaitumia lini na lini" angeniambia.

Kosa lingine ni la mawasiliano. Karani aliona ripoti haina kitu Jumamosi akaona aibu kuuliza, na mimi sikumwambia kwamba wiki ya kwanza chochote cha ajabu anipigie hata usiku. Siku mbili zilipotea hapo.

Na hili kwa wanaodhani kuhamia Linux kumemaliza virusi: Wine ikiwepo, .exe ya kwenye flashi inaweza kuwashwa humohumo, na kwa kawaida Wine inaonyesha mafaili yako yote kupitia diski Z. Mimi Z niliiondoa kwenye winecfg, dirisha la mipangilio ya Wine, na flashi za wageni hazichomekwi kwenye laptopu ya mzani.

Kinachobaki ni kebo. Ikichomolewa na kurudishwa wakati programu iko wazi, mara nyingine inarudi kama ttyUSB1 na mzani unakuwa bubu mpaka uwashe upya. Nitaandika kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina, iipe jina moja la kudumu. Kwa sasa karani kaifunga kwa selotepu na juu yake kaandika kwa maka: USIGUSE.